Kutoka hendeli hadi stata: injini ya petroli na tatizo la kuanza

Dereva aliyekuwa akifundishwa kuwasha gari mwaka 1910 alianza na kidole gumba. Kabla hajaambiwa lolote kuhusu gia au breki, alionyeshwa jinsi ya kuushika mpini wa chuma wa kuzungushia injini, yaani hendeli, uliochomoza chini ya rejeta. Vidole vyote vitano vikae upande mmoja wa mpini. Gumba lisiuzunguke kama mtu ashikavyo jembe. Mpini uvutwe kutoka chini kwenda juu, usisukumwe kutoka juu kwenda chini. Na afadhali atumie mkono wa kushoto.

Masharti hayo yalitokana na mifupa iliyovunjika. Injini ya wakati ule iliweza kugeuka ghafla na kuzunguka kinyume huku mtu bado ameushika mpini. Gumba lililoukumbatia mpini lilikwenda nao. Mkono ulionyooka ukisukuma chini ulipokea pigo lote, kuanzia kiganja hadi bega. Madaktari wa mifupa walikutana mara nyingi na mvunjiko wa aina moja, kwenye ncha ya mfupa wa mkono ulio upande wa gumba, hata ukaja kuitwa mvunjiko wa madereva. Jina hilo linatumika hospitalini mpaka leo.

Habari ya mpini ule mara nyingi husimuliwa kwa ufupi mno: palikuwa na hendeli, akaja mtu akavumbua stata ya umeme, mambo yakaisha. Lakini mota ya umeme ilijulikana miaka mingi kabla, na watu walishajaribu kuifunga kwenye magari. Huko Uingereza gari moja la Arnold liliwekewa mota ya kuwashia mwaka 1896. Huko Marekani, Clyde Coleman alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya stata ya umeme mwaka 1903. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoenea. Ilibidi kwanza mafundi waelewe stata ni mashine ya aina gani: inabeba mzigo unaozidi uwezo wake, inaubeba kwa sekunde chache, kisha lazima ijitoe njiani upesi kabla haijavunjwavunjwa na injini ileile iliyoamshwa nayo. Kila sehemu ya hayo matatu ilikuwa na ugumu wake.

Injini inayoishi kwa mkopo

Injini ya mvuke haina haja ya kuamshwa. Nguvu yake imehifadhiwa nje, ndani ya boila. Ukifungua vali, mvuke unaisukuma pistoni hata kama imesimama kabisa. Mota ya umeme ni hivyohivyo: nguvu iko kwenye betri, inasubiri swichi tu. Ndiyo maana magari ya umeme ya mwanzoni mwa karne iliyopita, kama Detroit Electric, yalipendwa na watu wengi wa mjini, hasa wanawake ambao watengenezaji waliwalenga wazi kwenye matangazo yao. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric.

Injini ya petroli haina akiba ya namna hiyo. Ili silinda itoe nguvu, kwanza pistoni ishuke ivute mchanganyiko wa petroli na hewa, kisha ipande iubane, ndipo cheche iuwashe. Kazi ya kuvuta na kubana hufanywa kwa nguvu iliyotokana na mlipuko uliotangulia, ambayo flaiwili, gurudumu zito la injini, imeitunza katika mzunguko wake. Kwa hiyo kila mzunguko unakopa kwa uliotangulia. Injini ikisimama, hakuna wa kuikopesha, hata kama ina nguvu za farasi 40 na tangi limejaa. Lazima mtu au kitu cha nje kilipe mizunguko ya kwanza.

Malipo hayo ni makubwa kiasi gani? Tuchukue Ford Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuuzwa kwa mamilioni. Injini yake ilikuwa na silinda nne na ujazo wa lita 2.9. Pistoni ilikuwa na kipenyo cha milimita 95. Mbano wake ulikuwa mdogo, kama 4 kwa 1, yaani mchanganyiko ulibanwa hadi robo ya ujazo wake, wakati magari mengi ya leo hufika 10 kwa 1 au kuzidi. Hata hivyo, shinikizo la mara nne ya hewa ya kawaida juu ya pistoni ya upana ule ni sawa na kuikandamiza kwa mzigo wa karibu kilo 300. Bahati nzuri ni kwamba mzigo huo unapofika kileleni, mkono wa krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, umeshakaribia kunyooka, kwa hiyo mtu aliyeshika hendeli haubebi wote. Lakini bado lazima ainue makumi ya kilo katika nusu mzunguko, na kila nusu mzunguko inayofuata silinda nyingine inamngoja kwa mbano wake.

Nguvu peke yake haitoshi; kasi nayo inatakiwa. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hufanya kazi kwa mkondo wa hewa: hewa ikipita polepole, petroli haivutwi, au inavutwa kwa matone makubwa yasiyoshika moto. Ndiyo sababu palikuwa na chouki ya kuziba njia ya hewa ili mvuto uwe mkali zaidi. Kwenye Model T ilichomoza waya mbele ya rejeta ili mpiga hendeli aivute kwa mkono wa pili. Magneto nayo, ile inayozalisha umeme wa cheche kwa sumaku zinazozunguka, hutoa umeme kulingana na mwendo. Ukizungusha kwa unyonge, cheche inakuwa dhaifu au haitokei. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu lakini mzito wa mwendo angeweza kuhangaika asubuhi nzima na gari lisilo na hitilafu yoyote.

Asubuhi ya baridi kali, mambo yote hayo yaligeuka mabaya kwa pamoja. Petroli haikugeuka mvuke, na oili iliganda kama asali ya zamani. Kwenye Model T klachi ya sahani nyingi ilikuwa ndani ya oili ileile ya injini, na oili ikiwa nzito sahani zilishikamana hata kama gia haikuwekwa. Mtu aliyepiga hendeli alikuwa anajaribu kulisogeza gari zima. Wenye magari hayo walijifunza kunyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki: gurudumu likawa huru kuzunguka na injini, likasaidia hata kuongeza uzito wa flaiwili. Wengine walimimina maji ya moto juu ya bomba la kuingizia hewa. Aliyesahau kuzuia magurudumu aliweza kuona gari likiwaka na kumfuata yeye aliyeko mbele yake.

Kwa nini ilirudi nyuma

Pigo la kinyume lina maelezo mazuri ya kihesabu, na kwangu ndiyo sehemu inayovutia zaidi katika habari hii ya hendeli.

Mchanganyiko wa petroli hauwaki mara moja. Moto unahitaji milisekunde chache kuenea silinda nzima, tuseme 3. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hugeuka nyuzi 9 katika kila milisekunde, kwa hiyo ndani ya milisekunde 3 imegeuka nyuzi 27. Ukitaka shinikizo lifike kilele pistoni ikiwa ndiyo kwanza imeanza kushuka, cheche lazima ipigwe mapema, wakati pistoni bado inapanda. Mafundi huita hiyo kutanguliza cheche.

Sasa izungushe injini hiyohiyo kwa mkono, mara 60 kwa dakika. Katika milisekunde 3 inageuka nyuzi 1 tu na kidogo. Cheche ikiwa bado imetangulizwa kwa nyuzi 27, moto utamaliza kazi yake pistoni ikiwa mbali na kilele, na shinikizo lote litaisukuma chini kwa njia iliyojia. Krenki inazunguka kinyume, na hendeli inafuata.

Hapo ndipo ubunifu wa hendeli yenyewe ulipokuwa na kasoro. Mwisho wake ulikuwa na meno ya mshazari yaliyoshika meno mengine kwenye ncha ya krenki. Injini ikiwaka na kuzunguka mbele kwa kasi, mshazari uliisukuma hendeli nje, ikaachia. Utaratibu mzuri kabisa kwa mwelekeo mmoja. Injini ikirudi nyuma, meno hayohayo yalishikana zaidi. Kinga ilikuwepo pale ambapo hatari ilikuwa ndogo, na haikuwepo pale ilipokuwa kubwa.

Kilichobaki ni kumwachia dereva. Chini ya usukani wa Model T palikuwa na wenzo wa cheche upande wa kushoto na wenzo wa mafuta upande wa kulia. Kabla ya kwenda mbele ya gari, dereva alitakiwa kupandisha ule wa kushoto juu kabisa ili kuchelewesha cheche. Akisahau, alilipia kwa mkono. Mimi naona ni vigumu kumlaumu. Chombo kinachotaka mtu akumbuke jambo moja kila siku, na kumvunja mfupa siku atakayosahau, kina kasoro ya usanifu.

Aliyewahi kusimama nje ya mashine ya kusaga vijijini kwetu ameona namna nyingine ya kuukwepa mbano. Injini za dizeli za silinda moja, na zile za pawatila mashambani, zina kijiti kinachoinua vali. Mpigaji anakishikilia kijiti, vali inakaa wazi, hewa inatoka bila kubanwa, naye anaizungusha flaiwili nzito bila upinzani mkubwa mpaka ipate mwendo. Kisha anaachia. Vali inafunga, mbano unarudi ghafla, na uzito wa flaiwili unaivusha pistoni. Yaani nguvu ya mkono inakusanywa kidogokidogo halafu inatumiwa kwa mkupuo. Hilo linafaa sana kwa injini yenye flaiwili kubwa isiyohama. Kwa gari jepesi la silinda nne lenye flaiwili ndogo, mwendo unaoweza kuwekwa akiba kwa mkono hautoshi.

Gesi, hewa na springi

Kati ya 1908 na 1912 wahandisi walijaribu karibu kila aina ya nishati waliyoijua. Haikuwa mizaha, magari ya bei kubwa yaliuzwa yakiwa na mitambo hiyo.

Njia iliyokuwa rahisi kufunga ilikuwa ya asetilini. Magari mengi yalikuwa tayari yana mtungi wa gesi hiyo kwa ajili ya taa. Mabomba membamba yalipeleka gesi kwenye silinda, dereva akabonyeza cheche. Asetilini huwaka ikichanganyika na hewa kwa karibu kiwango chochote, kwa hiyo haikuhitaji vipimo vya makini kama petroli. Kati ya silinda nne, daima mojawapo iko kwenye pigo la nguvu, yaani pale pistoni inaposukumwa chini na mlipuko. Ikipata mlipuko, gari linaamka bila mtu kugusa hendeli. Ugumu ulikuwa kwamba gesi ile haikubanwa, hivyo msukumo wake ulikuwa mdogo, na kama pistoni ilisimama karibu na kilele, msukumo huo haukupata pa kushika. Ilikuwa ni nafasi moja tu. Ikishindikana, unarudi kwenye hendeli. Na asetilini si gesi ya kuchezewa.

Ajabu ni kwamba Model T yenyewe iliweza kuwaka hivyo pasipo mtungi wowote. Koili zake zilitoa mfululizo wa cheche mara tu swichi ilipowashwa kwenye betri. Kama injini ilizimwa muda mfupi uliopita, mchanganyiko mzuri ukabaki kwenye silinda na pistoni ikawa mahali panapofaa, kugeuza swichi tu kuliiamsha. Wenye magari walifurahia sana siku ilipotokea, lakini hakuna aliyeweza kuitegemea.

Hewa iliyobanwa ilikuwa na hoja nzito zaidi. Pampu inayoendeshwa na injini inajaza tangi, na wakati wa kuwasha hewa inagawiwa kwenye silinda kwa zamu, ikizisukuma pistoni kana kwamba ni injini ya mvuke. Nguvu ilitosha. Lakini ilihitaji vali ya ziada kwa kila silinda, kigawio, pampu, tangi na maungio mengi, na ungio moja likivuja usiku kucha, asubuhi tangi ni tupu. Zaidi ya hapo, hewa inayotanuka hupoa, kwa hiyo ilikuwa inaipoza silinda wakati uleule inapotakiwa ipate joto ili petroli igeuke mvuke. Njia hiyo haikufa. Injini kubwa za meli zinazoingia Mombasa na Dar es Salaam huamshwa kwa hewa ya shinikizo la takriban bari 30, kwa sababu kwenye meli kuna nafasi ya matangi na kuna mhandisi wa kuyatunza. Gari la familia halina vyote viwili.

Springi zilizokazwa kama za saa nazo ziliuzwa. Chuma hutunza nishati kidogo sana kwa uzito wake. Injini isiposhika kwa mara ya kwanza, mtu anaikaza tena kwa mkono, na hapo faida imekwisha.

Hesabu ya joto

Inasimuliwa kwamba Byron Carter, mtengenezaji wa magari aliyefariki mwaka 1908, alipata kwa hendeli jeraha lililomuua baadaye, alipokuwa akimsaidia mwanamke ambaye Cadillac yake ilizimika, na kwamba Henry Leland, mkuu wa Cadillac, aliapa magari yake hayatamuua mtu mwingine. Kisa hiki kina masimulizi tofauti tofauti. Lililo wazi ni kwamba Leland alitaka mpini ule uondoke, na kazi hiyo ikamfikia Charles Kettering huko Dayton, Ohio.

Kettering hakutoka kwenye magari. Alikuwa amefanya kazi National Cash Register, kampuni ya mashine za mauzo ya dukani, na huko aliunda mota ndogo ya kufungua droo ya pesa ambayo kabla yake ilifunguliwa kwa nguvu ya mkono. Mota ile ilifanya kazi kwa kufumba na kufumbua, kisha ikapumzika mpaka mteja mwingine. Mwaka 1909 yeye na Edward Deeds walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Delco.

Wahandisi wengi wa umeme walishafanya hesabu ya stata na kukata tamaa. Injini ya Cadillac ya wakati ule ilikuwa na ujazo wa lita 4.7, zaidi ya mara moja na nusu ya Ford. Mota yenye uwezo wa kuizungusha, ikipimwa kwa kanuni za viwandani, ilikuwa kubwa na nzito kupita kiasi kwa gari, na betri zake vilevile. Kanuni hizo zilikuwa sahihi. Ila ziliandikwa kwa mota zinazozunguka kutwa.

Kinachoweka kikomo kwa mota ni joto hasa. Umeme ukipita kwenye shaba huipasha, na shaba ikizidi joto huunguza kihami kilichoizunguka. Tufanye hesabu ya mfano. Chukua mota yenye kilo 2 za shaba, na umeme mkali kiasi kwamba nyaya zake zinazalisha joto la wati 400. Ukiiacha izunguke dakika 5 bila kupoa, shaba itapanda zaidi ya nyuzi 150 za Selsiasi, na vihami vya mwaka 1911, vingi vikiwa vya pamba na vanishi, vitaanza kutoa moshi. Ukiiwasha sekunde 5 tu, shaba hiyohiyo itapanda nyuzi zisizofika 3. Mota haijabadilika, umeme haujabadilika. Muda ndio uliobadilika. Kwa sekunde chache, mota ndogo inaweza kubeba mzigo unaozidi mara kadhaa ule ulioandikwa kwenye kibao chake, mradi baada ya hapo iachwe ipumzike. Mtu aliyezoea droo ya pesa aliliona hilo upesi kuliko waliozoea mota za karakana.

Aina ya mota nayo ilisaidia. Katika mota ambayo koili za sumaku zimeunganishwa kwa mfuatano na koili zinazozunguka, umeme uleule unapita kote. Mota ikiwa imesimama, bado haijaanza kuzalisha volti za kupingana na betri, kwa hiyo umeme unaoingia ni mwingi kupita wakati wowote mwingine. Sumaku inakuwa kali, na nyaya zinazosukumwa na sumaku hiyo nazo zimebeba umeme mwingi. Ukizidisha umeme mara mbili, nguvu ya kuzungusha inakaribia kupanda mara nne, mpaka chuma cha sumaku kishibe. Ndiyo tabia anayoitaka mtu anayepambana na mbano: nguvu kubwa kabisa pale mwanzo, wakati kila kitu kimekwama.

Betri ilikuwa na kitendawili chake. Kwa upande wa akiba, kazi ni ndogo. Betri ya volti 6 na ampea-saa 100 ina zaidi ya joule milioni 2. Stata ya wati 1,200 ikizunguka sekunde 5 inatumia joule 6,000, yaani pungufu ya sehemu 3 kwa kila 1,000. Tatizo ni kuitoa kwa haraka. Wati 1,200 kwa volti 6 ni ampea 200. Nyaya, swichi na maungio yakiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, ampea 200 zitapoteza volti 2 njiani, theluthi nzima ya betri. Kwa volti 24, kazi ileile inataka ampea 50, na njiani inapotea nusu volti. Fundi anayekwangua kutu kwenye vichwa vya betri na kukaza waya wa aridhini kabla hajaigusa stata anafanya hesabu hii kwa vitendo.

Kwa hiyo mfumo wa kwanza wa Delco ulikuwa na betri nne. Wakati wa kuwasha zilipangwa kwa mfuatano kutoa volti 24. Gari likishawaka zilipangwa sambamba kwa volti 6, zikachajiwa na kuendesha taa na cheche. Tena mashine ileile iliyokuwa stata ndiyo iliyogeuka jenereta. Katika kuwasha ilipita kwenye gia za kupunguza mwendo hadi kwenye flaiwili. Baada ya hapo injini iliizungusha kwa njia nyingine, na klachi za upande mmoja ziliachilia njia isiyotumika. Ukiangalia mchoro wa hataza iliyoombwa mwaka 1911 na kutolewa 1915, stata si kifaa kilichobandikwa kwenye gari. Ni mfumo kamili: betri, jenereta, swichi, cheche na taa, kila kimoja kikimtegemea mwenzake. Nadhani hapo ndipo Kettering alipowapita waliomtangulia. Wao walileta mota. Yeye alileta pia namna ya kurudisha kwenye betri kile kilichochukuliwa, ili kesho asubuhi kiwepo tena.

Cadillac za mwaka 1912 zilitoka na mfumo huo, na klabu ya Royal Automobile ya London ikaipa kampuni hiyo Kombe la Dewar kwa mara ya pili. Mpango wa volti za aina mbili, 24 na 6, haukudumu. Swichi zake zilikuwa na mambo mengi, na nyaya nene zilikuwa suluhisho rahisi zaidi. Magari mengi ya Marekani yakatulia kwenye volti 6 mpaka miaka ya 1950, mibano ilipopanda na hesabu ile ya ampea 200 ikarudi tena, ndipo yakahamia 12.

Kushika na kuachia

Mota ndogo ina mwendo mkali na nguvu haba, kwa hiyo hupewa gia ndogo inayouma ringi kubwa ya meno kwenye flaiwili. Uwiano wa kawaida ni kati ya 10 na 15 kwa 1. Nguvu inaongezeka kwa kiasi hicho, lakini sasa geuza mawazo: injini imewaka, imefika mizunguko 1,000 kwa dakika, na gia bado imeng'ata. Kwa uwiano wa 12, mota inalazimishwa kuzunguka mara 12,000 kwa dakika. Nyaya zake zingechomoka kwenye chuma na kutawanyika. Kuachia kwa wakati ni suala la uhai wa stata.

Dereva hawezi kutegemewa kwa hilo, kwa sababu muda ni mfupi mno. Vincent Bendix alitoa jibu ninaloliona zuri kuliko yote ya kipindi kile, na lilitumika kwenye Chevrolet za 1914. Gia ndogo haikufungwa kwenye shafti. Ilikaa juu ya skrubu nene kama nati kwenye bolti. Mota ikishtuka kuzunguka, gia inachelewa kwa uzito wake, na kwa kuwa shafti inazunguka nayo imebaki, inasafiri kwenye skrubu hadi inakutana na meno ya flaiwili. Ikifika mwisho wa skrubu inakwama, na sasa inazungusha. Springi nzito inapokea mshtuko wa kukutana. Injini ikiwaka, flaiwili inaizungusha gia kwa kasi kuliko shafti, na kwa sababu hiyohiyo inajifungua kwenye skrubu na kurudi nyumbani. Hakuna wenzo wala swichi ya ziada. Uzito wa gia yenyewe unaamua lini ishike na lini iachie. Stata za siku hizi husukuma gia kwa sumaku kabla mota haijazunguka, na zina klachi ya upande mmoja, lakini gereji nyingi bado huita kipande kile bendiksi.

Dodge Brothers walipoanza kuuza gari lao mwishoni mwa 1914 walikwepa meno kabisa. Mashine yao moja, stata na jenereta ya volti 12, iliunganishwa na injini kwa mnyororo usioachia wakati wowote. Haikuwa na kelele ya meno, na injini ikizimika barabarani huku swichi imewashwa, ilijiamsha yenyewe. Gharama yake ni kwamba uwiano mmoja ulitumika kwa kazi mbili: usingeweza kuwa mkubwa sana, la sivyo mota ingezidiwa na mwendo wa injini, kwa hiyo mota yenyewe ilibidi iwe kubwa. Baadhi ya magari ya mseto ya leo, yanayotumia petroli pamoja na umeme, yamerudi kwenye wazo hilo kwa mkanda badala ya mnyororo.

Ford walichelewa. Model T ilianza kupata stata kutoka kiwandani mwaka 1919, kwanza kwa magari yenye paa la kudumu, na hata hapo hendeli ilibaki mahali pake.

Jambo moja kwenye ringi ya meno haliwezi kuondolewa na mota yoyote. Injini ya silinda nne inapozimwa haisimami popote itakapo. Inazunguka mpaka nguvu ya flaiwili inapungua kiasi cha kushindwa kuvuka mbano, inarudi kidogo, na kutulia. Kwa kuwa mbano unakuja kila nusu mzunguko, kuna mahali pawili tu inapopenda kulala. Kwa hiyo gia ya stata hugonga meno yaleyale kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, na ringi huliwa katika sehemu mbili zinazotazamana huku kwingine kote meno ni mazima. Stata ya gari la zamani ikilia bila kushika, fundi huweka gia ya juu, analisukuma gari kiasi cha hatua moja ili flaiwili isogee meno machache, kisha anarudi kwenye usukani kujaribu tena.